Gumegume, cherti au jiwe la kiberiti?

Mwalimu mmoja wa Buruburu, Nairobi, anaandaa maelezo ya wanafunzi watakaozuru Kariandusi, eneo la mabaki ya watu wa kale karibu na Gilgil. Anauliza: "Zana za mawe za watu wa kale niseme ni za jiwe la kiberiti, gumegume au cherti? Au yote ni mamoja?"

Mwalimu, jiwe la kiberiti liache kabisa. Kiberiti ni njiti za kuwashia moto, na pia ni salfa, mwanafunzi atababaika. Isitoshe, kijiwe cha kiberiti cha gesi hakichimbwi popote. Ni mchanganyiko wa chuma na metali iitwayo seriamu, uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903.

Gumegume ni neno letu la siku nyingi, lililozoeleka kwa bunduki za gumegume, ambazo jiwe lilipiga chuma ili baruti ishike moto. Cheche zenyewe ni za chuma: jiwe, kwa ugumu wake, hukikwangua, na chembe za chuma huwaka hewani. Tunasema gumegume hili, magumegume haya.

Cherti ni jina pana zaidi. Ni mwamba wa fuwele ndogo mno za silika (madini yanayounda mchanga mwingi), wenye ugumu wa karibu 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini toka 1 hadi 10, na ukipasuliwa hutoa kingo kali. Cherti nyingi imetokana na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini vyenye maganda ya silika. Wanajiolojia huita gumegume ile cherti ya kijivu au nyeusi iliyo mabonge ndani ya mwamba wa chaki, kama kusini mwa Uingereza. Basi kila gumegume ni cherti, ila si kila cherti ni gumegume.

Wanafunzi wetu walishike hasa neno cherti, maana tunayo yetu, kwenye Ziwa Magadi. Mwaka 1967 mwanajiokemia Hans Eugster alieleza jinsi magadiiti, madini ya silika na sodiamu yanayojitunga ziwani, yanavyopoteza sodiamu na kubaki cherti. Cherti ya asili hiyo, hata ikipatikana ng'ambo, huitwa ya aina ya Magadi. Jina la kwetu!

Na Kariandusi? Mashoka yale meusi yanayong'aa ni ya obsidiani, kioo cha volkano: lava iliyopoa upesi, fuwele zisiwahi kujiunda. Hupasuka kama cherti, ndiyo sababu watu huvichanganya. Andika "mashoka ya obsidiani". Kwa jumla, "zana za mawe".