Muvi moja, steringi sita: maswali yenu ya muvi

Wiki hii maswali karibu yote yameangukia sehemu moja, zile muvi za mashujaa wengi kwa pamoja. Nimechukua manne, na la kwanza nimelijibu kwa urefu maana ndo lenye mzigo.

SWALI: Shikamoo dada. Mi kijana wa Mwanga hapa Kigoma, nina miaka 19. Juzi nimeangalia ile The Avengers ya kwanza, ya 2012, kwenye banda flani la video huku kwetu, ilikua ya kutafsiriwa. Rafiki yangu anasema hakuna muvi ya mashujaa inayoifikia, mi nimetoka naumwa kichwa, nimeona maghorofa yanadondoka tu na watu sita wanapiga mapozi. Sisi tumezoea steringi ni mmoja na hafi. Sasa hapa steringi ni nani? Na muvi ni nzuri au ni kelele?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la steringi ndo swali lenyewe, ukishalijibu umeijua muvi nzima. Joss Whedon aliyeiandika na kuiongoza alikua na dakika 143 za kugawia watu sita, na wanne kati yao walishakua masteringi kwenye muvi zao wenyewe, Iron Man na Hulk toka 2008, Thor na Captain America 2011, yani kila mmoja amekuja na mashabiki wake wanaotaka kumuona yeye mbele. Ukimpa mmoja sana wengine wananuna.

Nikupe mfano wa ziwani maana we ni wa huku huku. Usiku wa giza boti za dagaa zikitoka Kibirizi kila mtu ana kazi yake, kuna wa taa, kuna wa wavu, kuna aliyeshika injini, sasa weka manahodha sita kwenye boti moja uone kama mtarudi na dagaa, mtarudi na ugomvi. Nusu ya kwanza ya muvi ndo hiyo boti ya manahodha sita. Thor na Iron Man wanapigana msituni wakati adui wao Loki amekaa pembeni anawaangalia, alafu wakifika kwenye ile meli inayopaa wanaanza kurushiana maneno chumba kizima, kila mtu anamchokonoa mwenzake pale panapouma. Watu wengi wanaona pale muvi imepoa, mi naona ndo moyo wake, kwasababu bila ule ugomvi kule kuungana kwao mwishoni kusingekua na uzito wowote.

Alafu angalia kinachotokea New York. Viumbe wanamiminika kutoka kwenye tundu angani, Captain America anasimama barabarani anagawa kazi, Hawkeye panda juu utuambie wanatokea wapi, Iron Man zunguka nje asitoke hata mmoja, Thor kaa pale kwenye tundu uwapige radi, Hulk we bonda tu. Sekunde chache, lakini pale boti imepata mpangilio, na kuanzia hapo kila ngumi ina maana kwasababu unajua nani anafanya nini na kwanini. Kuna picha moja kamera inawapitia wote sita mfululizo, inatoka kwa huyu inamfuata yule, hawa wanasaidiana wale wanapishana, haikati. Ukirudia muvi itafute hiyo picha, ndo inayonifanya niseme rafiki yako hajakosea sana.

Na mapozi unayosema sio yote mapozi. Natasha, Black Widow, hana nguvu ya ajabu hata moja, lakini yeye ndo anamtoa Loki siri yake kwa kumfanya aamini kamshinda kwa maneno, hakuna kombora wala radi pale, ni akili tu na uso wake. Mi ningemuongezea dakika kumi nyingine, mwanamke ni mmoja tu kati ya sita na muvi haikuona kama hilo ni pungufu.

Sasa madhaifu, na hapa nipo na wewe kabisa. La kwanza ni jeshi la adui. Loki mwenyewe ni mzuri, ana wivu, ana kidonda cha nyumbani kwao na kaka yake Thor, Tom Hiddleston amemcheza mpaka unamuonea huruma kidogo, ila lile jeshi lake la Chitauri halina sura, hujui wanataka nini, wanapigwa kama kuni alafu mwisho kombora linalipua meli yao mama huko juu na wote wanaanguka kwa mpigo kama taa za mtaa umeme ukikatika. Huo ni mkato, mwandishi amejiepusha na kazi ya kuumaliza mchezo.

La pili Hulk. Kwenye meli anapandwa na hasira hamjui mtu, anamkimbiza Natasha nusura amuue, baadae kidogo New York anafata maagizo kama askari. Tumeelezwa kwa sentensi moja tu kwamba yeye muda wote ana hasira. Sentensi tamu, ukumbi wote unapiga makofi, lakini swali linabaki palepale, kama anaweza kujitawala kwanini hakujitawala kwenye meli? Thor nae hivyohivyo, muvi yake ya 2011 iliisha daraja la kwao limevunjika hawezi kuja duniani, hapa ametua tu, Loki anasema neno moja juujuu la kuelezea tukaendelea. Na Hawkeye maskini ametekwa akili toka mwanzo, zaidi ya nusu ya muvi hatumjui ni mtu gani.

Ila kuna jambo kuhusu hicho kichwa kuuma. Umeiangalia ya kutafsiriwa na spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Mi nimekulia kwenye mabanda hayohayo, nawaheshimu sana watafsiri wetu, muvi ya steringi mmoja anayelipiza kisasi wanainogesha kuliko hata ilivyokua, kwasababu pale maneno ni machache na vitendo ni vingi. Muvi ya kikundi ni kinyume chake. Yenyewe inasimama kwenye maneno, nani kamkata nani kauli, nani kanyamaza, sasa watu watano wakiongea kwa pamoja alafu mtu mmoja anawasemea wote kwa sauti ileile, ule ugomvi unayeyuka unabaki na majengo yanayodondoka. Mi mwenyewe mara ya kwanza niliiona hivyo na niliichukia, nikaja kuirudia nyumbani na maandishi ya chini ndo nikaijua. Tafuta siku uiangalie hivyo, hata kama kiingereza chako ni cha kuokoteza.

Steringi sasa. Kwangu ni Tony Stark, yani Iron Man mwenyewe, na sio kwasababu anaongea sana. Kwenye ule ugomvi Captain anamwambia wazi kwamba yeye anapigana kwa ajili yake mwenyewe tu, sio mtu wa kujitoa kwa wengine. Mwisho wa muvi nani analibeba lile kombora mgongoni anaingia nalo kwenye tundu akijua anaweza asirudi? Ni yeye huyohuyo. Wengine wametoka kama walivyoingia, yeye kabadilika. Kwaiyo muvi ni nzuri, vita yake ni ya kawaida, watu wake ndo wazuri.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Kasulu. Kwanini Justice League ipo ya aina mbili, moja fupi moja ndefu mno, na ipi niangalie?

JIBU: Mwalimu heshima yako. Ya 2017 Zack Snyder aliianza, akapata msiba wa binti yake akaachia kazi, akaletwa huyohuyo Whedon wa The Avengers kuimalizia na kupiga vipande vipya. Ikatoka ya saa mbili, imekaa kama nguo iliyoshonwa na mafundi wawili. Mpaka mdomo wa Superman unaonekana wa ajabu, kwasababu Henry Cavill alikua amefuga masharubu kwa ajili ya kazi nyingine na ikabidi wayafute kwa kompyuta. 2021 ikatoka ya Snyder mwenyewe, dakika 242.

Angalia hiyo ndefu, igawe siku mbili. Tofauti kubwa ni Cyborg, kwenye fupi ni kijana wa chuma anayepitapita, kwenye ndefu ana baba, ana hatia, ana msiba. Na hapo utaona shida ilianzia wapi, katika mashujaa sita wa Justice League watatu, Flash, Aquaman na Cyborg, walikua hawajawahi kupewa muvi zao, sasa ndani ya saa mbili utambulishwe watu watatu wapya, wafufue mmoja, wapigane na adui alafu bado uwapende? Haiwezekani.

SWALI: Dada mambo, mi nipo Katonga, navua. Ile Infinity War mbona adui anashinda? Steringi si hafi?

JIBU: Poa kaka, pole na kazi. Ile ni Avengers ya 2018 ya ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, ukiitazama vizuri steringi wake ni Thanos. Sisemi ni mtu mwema, anataka kufuta nusu ya viumbe vyote. Ila yeye ndo ana safari, ndo anatafuta kitu toka mwanzo, na ndo analipa gharama, anamtoa kafara binti yake Gamora huku analia. Mashujaa wenyewe wametawanyika, hawa wapo Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Afrika, hawa wapo sayari nyingine, hakuna wa kugawa kazi kama New York. Kwaiyo kushindwa kwao kumejengwa, hakujadondoka tu, na lile jeshi lisilo na sura niliyolilalamikia hapo juu sasa limepata mwenye uso. Mi ule ukimya wa mwisho watu wakipotea kama vumbi bado unanikaa kifuani mpaka leo. Endgame ya 2019, dakika 181, ndo inayomalizia, usiishie katikati.

SWALI: Mimi mama wa watoto wawili, Ujiji, mmoja 6 mwingine 10. Wanaililia hiyo The Avengers. Niwaache?

JIBU: Mama shikamoo. Marekani waliipa alama ya PG-13, maana yake mzazi awe makini na walio chini ya miaka 13. Kuna sehemu Loki anambandika mtu kifaa kwenye jicho mbele za watu, na kuna Coulson, mtu mpole kabisa wa upande wa mashujaa, Loki anamchoma mkuki kwa nyuma. Wa miaka 10 kaa nae, akiuliza mjibu, na kwa Coulson atakuuliza tu kwasababu pale ndo mashujaa wanaacha kugombana. Wa miaka 6 bado, mwache alale kwanza.