Kwa Wanaoanza Kuhesabu Kopepodi: Jina Lisitangulie Mguu wa Tano

Wadogo zangu, wiki iliyopita nililetewa majedwali matatu ya hesabu za planktoni wa Ziwa Tanganyika, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, wakiwemo kopepodi, jamaa wadogo wa kamba, na katika yote matatu nikakuta safu iliyoandikwa Mesocyclops leuckarti, jina la kopepodi mmoja, jina lilelile lililonitoa machozi miaka 14 iliyopita. Nawapenda, na ninaiheshimu kazi yenu ya kuamka saa nane usiku kwenda kushusha wavu kwenye upepo, lakini jina hilo sitaki kuliona tena kwenye jedwali la ziwa letu, na nitaeleza kwa nini.

1. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu, na karatasi hiyo iingie ndani ya chupa.

2. Andikeni saa mliyovuta wavu. Kopepodi hupanda karibu na uso wa maji usiku na kushuka kilindini mchana, kwa hiyo sampuli ya saa sita mchana na ya saa sita usiku hazilinganishwi hata kama zimetoka stesheni moja. Jambo hili nilifundishwa na mvuvi mmoja mzee pale Kibirizi, kando ya ziwa huko Kigoma, kabla sijalisoma popote. Alituona tunaondoka asubuhi na wavu wetu mdogo, akauliza tunakwenda kutafuta nini, tulipomjibu kwamba tunatafuta chakula cha dagaa, akasema, "Wanangu, sisi dagaa tunamfuata usiku wa giza kwa karabai, na ninyi chakula chake mnakifuata jua likiwaka?" Tulirudi jioni ile kumwomba nafasi kwenye mtumbwi wake, naye akatupa.

3. Wavu wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 25, ukivutwa mita 100 bila kuziba, huchuja kama mita za ujazo 4.9 za maji. Tazameni pia pembe ya kamba, kwa sababu kamba ya mita 100 iliyolala nyuzi 45 haijafika mita 100 kwenda chini, imefika kama 71 tu.

4. Sasa jina. Nilipoanza kazi nilikuwa na ufunguo mmoja tu wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali yanayokuongoza hadi jina la mnyama, nakala iliyochakaa, uliotungwa kwa wanyama wa Ulaya. Nilimchukua kila saiklopoidi (kopepodi wa kundi la Mesocyclops) mkubwa kidogo, nikafuata maswali hatua kwa hatua, na kila mara njia ikaishia kwa leuckarti. Nilidhani kufika palepale kila siku ni dalili kwamba nimeiweza kazi. Sikujua kwamba ufunguo hauna namna ya kukuambia kuwa mnyama uliyemshika hayumo ndani yake. Jina hilo, lililotolewa na mtaalamu Claus mwaka 1857, lilikuwa limetumika karibu dunia nzima mpaka mtaalamu mwenzake Kiefer alipolipitia upya mwaka 1981 na kuonyesha kwamba chini yake walikuwa wamefichwa spishi nyingi, na kwamba leuckarti halisi ni mnyama wa Ulaya na sehemu za Asia. Mwaka 1984 Van de Velde akawapanga upya Mesocyclops wa Afrika. Maandishi hayo yote yalikuwepo kabla sijagusa hadubini, nami sikuyatafuta.

Kosa hilo peke yake lingerekebishika kwa siku chache. Lililoniumiza ni kwamba chupa zilikuwa haba, na mimi, kila nilipomaliza kuhesabu sampuli, niliimwaga, nikaosha chupa na kuitumia tena. Ripoti ilipokwenda kwa msomaji wa nje, ilirudi na maswali mawili: je, mguu wa tano, ule mdogo unaotofautisha jenasi na jenasi, umetazamwa, na sampuli zimehifadhiwa wapi? Kati ya sampuli 31, zilizokuwa bado kwenye rafu ni 9.

Nilizifungua zote 9. Nilimkuta Mesocyclops aequatorialis, kama ilivyotarajiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Lakini pamoja naye alikuwemo Tropocyclops tenellus, mnyama mdogo sana ambaye kwa miezi mingi nilikuwa nimemhesabu kama mtoto wa Mesocyclops. Walikuwa majike wazima, papasi zao zina pingili 12 wakati Mesocyclops mzima ana 17, na vifuko vyao vya mayai vilikuwa vimekatika na kulala chini ya chupa, mahali ambapo sikuwahi kuangalia. Sura nzima ya ripoti yangu ilisema kwamba Mesocyclops huzaliana kwa wingi majira ya kusi, na ushahidi wake ulikuwa wale "watoto". Sikuweza tena kujua wangapi walikuwa watoto kweli, maana sampuli 22 zilikuwa zimeshakwenda na maji ya sinki. Niliiondoa sura hiyo. Nilimwandikia pia yule mzee wa Kibirizi, kupitia mjukuu wake, kwamba tulichomweleza kuhusu majira hatuna hakika nacho, na barua hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile ya msomaji wa nje.

Basi fanyeni hivi. Mlazeni jike mzima chali ndani ya tone la glisarini, kisha mmkate kwa sindano nyembamba pale mwili unapojibana. Kwa saiklopoidi, mguu wa tano hubaki upande wa mkia. Kwa kalanoidi, kundi jingine la kopepodi, kama Tropodiaptomus simplex aliyeelezwa na mtaalamu Sars mwaka 1909, hubaki upande wa mbele. Wengi wenu mnautafuta upande usio wake, kisha mnasema umepotea. Ukishauona, tazama pingili ya mwisho: mwiba ukichomoza katikati ya ukingo wa ndani, uko kwenye Mesocyclops, mwiba na unywele vikitoka pamoja nchani, huyo ni Thermocyclops, jenasi nyingine ya saiklopoidi. Kufikia spishi kunadai zaidi, yaani utando wa pingili ya mwisho ya papasi, umbo la kipokea mbegu ndani ya jike, na bamba linalounganisha miguu ya nne. Kama hamjayaona hayo, andikeni "Mesocyclops" mkomee hapo, na hakuna atakayewalaumu.

5. Kopepodidi wa hatua ya tano, yaani wachanga waliobakiza hatua moja kuwa wazima, wahesabiwe peke yao, wasichanganywe na wazima.

6. Msimwage sampuli. Chupa zikiisha njooni kwangu, hata kama ni za jemu nitazitafuta. Zile 9 ziko kabati la chini, upande wa dirishani, nami huziongezea ethanoli kila Januari. Anayetaka kujifunza kupasua aanze na ile yenye lebo ya stesheni ya tatu, kwa sababu humo Tropocyclops ni wengi na baadhi yao bado wameshika mayai.