Unataka lami Longido au Makuyuni? Tuanze na maji

Watu wanaonipigia simu wakitaka lami huko Longido, Makuyuni au upande wa Mererani huanza na swali lilelile: jua hili la huku halitaiyeyusha? Nawajibu kwamba jua tutalifikia, ila kwanza waniambie maji ya mvua yanapita wapi kwenye eneo lao. Wengi hucheka. Mvua gani, fundi, huku mbuzi wenyewe wanatafuta maji?

Ni hiyohiyo. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, ukishapita Oldonyosambu unaona nchi inavyobadilika. Mlima Meru umebaki nyuma na mvua zake, mbele ni migunga, mawe na vumbi. Inaweza kupita miezi bila tone, kisha masika ikashuka saa moja tu, na ardhi ngumu isiyo na majani ikayasukuma maji yote makorongoni kwa mkupuo. Barabara yako ikikatiza hapo bila mpango, hakuna unene wa lami utakaoiokoa. Nimesimamia barabara za kuingilia kambi za watalii, shule na mashamba, na zile nilizoitwa kuzikagua zikiwa zimeharibika mapema, nyingi ziliharibiwa na maji ya siku chache. Joto la mwaka mzima lilikuwa msaidizi tu.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mpima, nenda kwenye boma la jirani ukaulize. Mzee mmoja kule Longido, baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, alinionyesha kwa fimbo mahali ambapo kwenye michoro yetu palikuwa tambarare tupu. "Hapa, kijana wangu, mwaka wa mvua kubwa maji yanafika magoti ya ng'ombe." Tukaweka drifti hapo, yaani kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake. Kwenye korongo la mchanga linalokauka karibu mwaka mzima, mimi napendelea drifti ya zege kuliko kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Mafuriko ya huku yanakuja na mawe na matawi ya miiba, yanaziba bomba, kisha maji yanapanda juu na kuondoka na tuta zima. Drifti inapitiwa juu, unasubiri maji yapungue, unafagia mchanga, unaendelea na safari. Kama kalavati halikwepeki, usikubali bomba la sentimita 60 kwa kuwa ni la bei nafuu. Chukua la 90, mtu aweze kuingia na koleo.

Pembeni kunahitaji mitaro. Kwenye mwamba mkandarasi atakwambia haichimbiki, na mara nyingi anasema kweli. Basi nyanyua barabara kwa kifusi badala ya kuuchimba mwamba, na kila baada ya umbali fulani toa mfereji wa kupeleka maji porini kabla hayajapata nguvu. Barabara yenyewe iwe na mgongo. Kwa upana wa mita 4, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 5 hadi 6. Hilo utalipima mwenyewe kwa kamba na futi.

Sasa mawe. Kuna imani kwamba mahali penye mawe msingi ni wa bure: mwaga lami, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba ardhi yenyewe haina ugumu sawa. Hapa kichwa cha jiwe, hatua moja mbele ni udongo uliojaa kati ya mawe. Magari yakipita, udongo unadidimia, jiwe halitikisiki, na lami inapasuka kulizunguka jiwe. Mimi nataka jiwe lililochomoza ling'olewe au livunjwe na shimo lake lijazwe kwa tabaka, la sivyo barabara yote inyanyuliwe hadi jiwe lifunikwe kwa kifusi cha kutosha. Uwe mwangalifu pia na zile changarawe nyepesi za volkano, nyekundu au nyeusi, zenye vitundu. Zinapatikana kirahisi na zinapendeza machoni, lakini nyingine zinasagika chini ya rola, na ukizitumia kama kokoto za juu zinakunywa lami yako. Za juu ziwe kokoto za jiwe gumu jeusi lililopondwa. Na ukikutana na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, usiweke chochote juu yake mpaka uwe umeutoa au umeufunika kwa kifusi kizuri.

Kinachofuata ndicho ninachogombana nacho na wakandarasi kuliko kingine chochote: maji ya kushindilia. Kifusi kikavu hakishindiliki, hata rola lipite mara ishirini. Piga hesabu na mimi. Tabaka la sentimita 15 lina uzito wa kilo 300 hivi kwa kila mita ya mraba. Likihitaji unyevu wa asilimia 8, hiyo ni lita 24 kwa mita moja ya mraba. Barabara ya mita 500 kwa upana wa mita 4 ni mita za mraba 2,000, yaani lita 48,000 kwa tabaka moja. Kifusi kikitoka machimboni na unyevu kidogo utapunguza, lakini jua na upepo vitakudai zaidi. Sasa linganisha na bowza moja la maji la lita 10,000 lililokuja asubuhi na kuondoka. Mahali ambapo kina mama wanatembea mbali kutafuta ndoo moja, maji haya ni ghali, na ndiyo maana yanakuwa ya kwanza kupunguzwa kwenye gharama. Yapangie bajeti tangu mwanzo, na kubaliana na serikali ya kijiji yatatoka wapi ili usije ukaonekana unawanyang'anya watu na mifugo. Jihadhari na maji ya magadi: chumvi inapanda juu jua linapokausha, inainua lami nyembamba na kuifanya ivimbe na kubanduka. Tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa asubuhi na mapema. Saa saba mchana maji yanaruka kabla rola halijageuka.

Ukitaka kujua kama msingi uko tayari na huna vipimo vya maabara, leta tipa lililojaa mchanga, litembee polepole kama mtu anavyotembea, na wewe ufuate nyuma ukiangalia chini ya magurudumu. Pakibonyea au pakicheza, weka alama ya chokaa na pafumuliwe. Lami ni bati tu. Haishiki ukuta unaoanguka.

Baada ya hapo ndipo tunaongelea lami yenyewe. Watu wa Arusha wanaidharau lami nyepesi, ile ya kunyunyizwa na kumwagiwa kokoto mara mbili, kubwa chini na ndogo juu. Wanataka lami nzito kama ya barabara kuu. Kwa njia ya kambi inayopitisha magari machache kwa siku, mimi nachagua nyepesi iliyofanywa vizuri juu ya msingi mgumu, kuliko nzito ya sentimita 3 juu ya msingi wa kubahatisha. Nyepesi ina adui mmoja mkubwa huku, nalo ni vumbi. Kokoto zenye vumbi hazishiki. Zioshwe au zipakwe lami nyembamba kabla, na kazi ya kunyunyiza ifanyike kabla upepo haujaamka. Hata praimu, ile ya kwanza inayonywewa na msingi, inataka uso uliofagiwa na kunyunyiziwa maji kidogo vumbi litulie. Kiasi chake ni lita moja hivi kwa mita ya mraba, kisha iachwe siku moja au mbili inywewe. Wiki ya kwanza baada ya kokoto, magari yaende taratibu, na kokoto zilizolegea zifagiliwe.

Ukichagua nzito, jua uzito unaolipia. Mita 100 kwa upana wa mita 4 na unene wa sentimita 5 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 20, na kila moja ina tani 2.4 hivi. Jumla ni tani 48. Kama zimekuja Fuso mbili, uliza nyingine ziko wapi. Longido iko kilomita 80 hivi kutoka Arusha mjini, kwa hiyo mzigo unaotoka huko ufunikwe turubai na upimwe joto unapofika. Inatoka mtamboni ikiwa na nyuzi 150 au zaidi, na rola lazima limalize kabla haijashuka chini ya 80. Tipa likikutwa na mabonge yaliyoganda, lirudi lilikotoka.

Si lazima uweke lami njia nzima. Weka kwenye mlima, mbele ya majengo ambako vumbi linaingia jikoni, na mahali gari linapokunja. Kwingine changarawe nzuri inatosha. Na pale njia yako inapoungana na barabara kuu, kumbuka hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, hivyo kibali cha TANROADS, wakala wa barabara, kinatangulia kijiko cha kuchimbia.

Tumefika kwenye jua. Mchana uso wa lami unaweza kupita nyuzi 60, na lami ya kawaida inaanza kulainika karibu na 50. Gari linalopita halina shida. Shida ni lori linalosimama getini au kupanda mlima kwa gia ya kwanza. Hapo utaona mifereji ya matairi. Getini na mahali pa kuegesha malori weka zege au matofali ya pevingi. Vivyo hivyo kwenye jenereta na tangi la mafuta, kwa sababu dizeli inaiyeyusha lami na hakuna dawa.

Jua lina madhara mengine ya polepole: linaikausha lami mpaka inakuwa ya kijivu na kukatika kirahisi. Njia isiyopitiwa na magari ndiyo inayozeeka haraka, maana matairi yanaikanda lami na kuziba nyufa ndogo. Ikianza kupauka, nyunyiza emalsheni, ile lami ya majimaji, iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, nyembamba tu, kwenye uso uliofagiwa.

Ukaguzi nafanya mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli na mwishoni mwa Februari kabla ya masika. Mitaro na makalavati kwanza. Kisha kingo, kwa sababu kwato za ng'ombe na bodaboda zinazokwepa zinazila. Bega, ile sehemu ya pembeni isiyo na lami, likishuka chini ya lami, ongeza changarawe na ushindilie. Nyufa zizibwe asubuhi kukiwa bado baridi, ndipo zinapokuwa wazi zaidi. Shimo likatwe mraba, kuta zisimame wima, uchafu wote utoke hadi kwenye ugumu, lipakwe emalsheni, lijazwe kwa tabaka za sentimita 5 na kila moja ishindiliwe, ya mwisho ibaki juu kidogo ya uso. Kumwaga kokoto shimoni na kupaka lami juu ni kulisubiri shimo hilohilo baada ya masika, likiwa pana zaidi.

Pipa la emalsheni likae kivulini, si nyuma ya stoo kwenye jua, na mlinzi alibiringishe kila wiki ili isizame chini. Andika tarehe uliyolinunua ubavuni kwa rangi, kwa sababu ikikaa mno inajitenga na maji na haishiki tena.