Fungu la kuopoa maiti liko wapi?

SWALI: Mwaka 2018 Serikali ilimwaga fedha kutafuta maiti za MV Nyerere. Si bora zingenunua kivuko kingine? (Msomaji, Pasua, Moshi)

JIBU: Kivuko kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, siku ya Alhamisi, 20 Septemba, wakafa watu zaidi ya 200. Jumamosi, maiti zikiendelea kutolewa, wazamiaji wakamkuta fundi mmoja yu hai ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Wazamiaji wangerudishwa nyumbani Ijumaa ili kubana matumizi, leo fundi huyo angekuwa kaburini. Swali hili hunifikia kila baada ya ajali, na jibu langu ni hilohilo.

SWALI: Mdogo wangu alisombwa na Mto Kikafu. Tulilipa vijana wamtafute. Basi likitumbukia, vikosi vyote vinafika. Haki iko wapi? (Dada wa marehemu, Bomang'ombe)

JIBU: Pole sana, dada yangu. Haki haipo, na hasira yako ni ya halali.

Niliwahi kushinda siku tatu ukingoni mwa mto wilayani Hai na familia moja. Mama ameketi juu ya khanga, viatu vya mwanawe viko kando yake, vimejaa mchanga. Vijana wawili wanazama na kamba kiunoni, bila hata miwani ya majini, kwa pesa iliyochangwa msibani. Siku ya pili pesa ikaisha, msako ukasimama hadi mjomba alipouza mbuzi. Wale vijana nao wana mama zao.

Watoto waliokufa kwenye ajali ya basi la shule huko Karatu, 6 Mei 2017, wanafunzi 32 pamoja na walimu 2 na dereva wao, waliagwa kwa heshima Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na walistahili. Nisichokubali ni maiti ya mmoja kungoja mbuzi auzwe. Kila halmashauri itenge fungu la uopoaji, lisomwe mbele ya madiwani kama linavyosomwa la madawati. Diwani akija msibani na bahasha ya rambirambi, muulizeni hilo palepale. Nanyi wengine, pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji, kabla ya kuanza kuchangishana.

SWALI: Mtalii akifia Mlima Kilimanjaro huletewa helikopta. Sisi wapagazi je? (Mpagazi, Marangu)

JIBU: Helikopta ya mtalii kwa kawaida hulipwa na bima yake. Wewe utashushwa na wenzako kwa machela ya gurudumu moja. Kila mgeni hulipia dola 20 za uokoaji hifadhini, wakati mzigo wake uko kichwani kwako. Kabla hujaubeba, dai kuonyeshwa jina lako kwenye bima ya kampuni. Wakikuzungusha, usipande.

SWALI: Hospitali inaweza kuzuia maiti kwa deni?

JIBU: Hapana! Serikali imeshakataza, tena zaidi ya mara moja. Nendeni kwa Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, msibishane na mhudumu wa mochwari.

SWALI: Ajali ya mabasi huko Same ya 28 Juni 2025 ilitungojesha sana kupewa mwili. Si uzembe huo? (Mfiwa, Arusha)

JIBU: Hapo nawatetea wataalamu. Miili mingi iliungua isitambulike, ikabidi vipimwe vinasaba. Afadhali kungoja kuliko kumzika mtoto wa wenzenu kwenye kihamba chenu, shamba la ukoo. Ila atakayewaambia atawaharakishia majibu kwa laki mbili ni tapeli. Mpelekeni polisi.