Jibu: Mushahara ya kesie wa banki kule Marekani

Yaya, umeuliza kama dola 18 kwa saa zenye banamuahidi mudogo yako kule Texas kwa kazi ya kesie (mwenye kupokea na kutoa feza ku banki) ni kidogo. Hapana, ni ya kawaida, mu 2023 makesie ya Marekani balikuwa banapata karibu hivyo, nusu juu nusu chini. California inalipa zaidi, kima cha chini cha mushahara kwa saa kule kilifika dola 16 mu 2024, Texas kingali dola 7.25 tangu 2009, lakini kodi ya nyumba California itamukula yote, na Texas jimbo haikate kitu ku mushahara. Aulize kwanza saa ngapi kwa juma, bamoja banatumika nusu-siku. Na aulize pia: mangaribi bakihesabu feza ya kese na ikipunguka, nani analipa? Miye kesie hapa Lubumbashi nilipokea dola 50 yenye kupasuka kidogo ku kona, ikakataliwa, ikatoka ku mushahara yangu.