Babu hayumo kwenye vitabu vya parokia: nianzie wapi?

SWALI

Habari za kazi. Mimi ninaishi Umoja, Nairobi. Babu yangu Aloisi alitoka upande wa Mumias akaja mjini kufanya kazi ya reli, na nyanya yangu Veronika ni wa upande wa Murang'a. Wote wawili wametutoka. Walifunga ndoa ya kanisa kabla ya Uhuru, lakini cheti kilipotea. Nilienda parokia yetu, karani akatafuta jina la ukoo kwenye kompyuta, akaniambia hawapo. Karatasi pekee niliyo nayo ni kadi ya ubatizo ya baba, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958. Ninataka kujua wazazi wa babu walikuwa nani na walitoka wapi hasa. Nianzie wapi? – Mjukuu wa Aloisi

JIBU

Karani hakukosea, ila alitafuta mahali ambapo babu yako hangeweza kuwepo. Mtaa wa Umoja ulijengwa miaka ya 1970, kwa hiyo parokia yenu haiwezi kuwa na kitabu cha watu waliooana kabla ya 1963. Halafu kompyuta za ofisi nyingi za parokia zina ubatizo wa miaka ya karibuni tu. Wa zamani umo katika vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, navyo viko kabatini. Jina la ukoo nalo litakusaidia kidogo sana: faharasa za vitabu hivyo, pale zilipo, mara nyingi zimepangwa kwa jina la ubatizo, na jina la nyumbani liliandikwa jinsi padri alivyolisikia.

Ninawashauri wote wanaoniuliza swali hili waache kufuata jina, wafuate namba. Kila anayebatizwa hupewa namba kitabuni. Kadi ya baba yako inapaswa kuwa nayo, pamoja na tarehe na parokia. Nenda parokia hiyo, hata kama ni upande wa pili wa mji. Kama babu alikaa nyumba za reli za Muthurwa au Makongeni, usishangae kadi ikikupeleka Mtakatifu Petro Klaveri, pale barabara ya Racecourse, walikosali Waafrika wengi wa mjini enzi za ukoloni. Inaweza pia kukupeleka Msongari, kwa St Austin's, misioni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1899, wale wale waliokuwa wakipanda kahawa huku wakifundisha katekisimu.

Ukifika, usiombe cheti. Cheti ni muhtasari, na anayekijaza hunakili anachohitaji tu. Omba usomewe au unakiliwe mstari mzima wa kitabu, pamoja na maandishi ya pembeni. Mstari wa baba yako utakupa majina ya babu na nyanya jinsi yalivyojulikana 1958, na jina la msimamizi wa ubatizo, ambaye mara nyingi ni ndugu au mtu wa kwao.

Hatua inayofuata ni kitabu cha ndoa. Anzia parokia hiyo hiyo, lakini usiishie hapo. Sheria ya Kanisa ya wakati ule ilitaka ndoa ifungwe kwa kawaida mbele ya paroko wa bibi arusi, kwa hiyo huenda harusi ilifanyika Murang'a na si Nairobi. Kuna na sababu nyingine ya kutazama huko. Mwezi Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliwafagia Wakikuyu wengi kutoka Nairobi katika Operesheni Anvil, na familia nyingi mlolongo wao wa karatasi za mjini unakatika hapo. Mstari wa ndoa ndio daraja lako, kwa maana unapaswa kutaja kila mmoja alibatizwa wapi, lini, na mara nyingi kwa namba gani. Kama parokia imehifadhi pia karatasi za mahojiano ya kabla ya ndoa, ziulizie. Maarusi waliulizwa mambo mengi kuliko yaliyoingia kitabuni.

Sasa niseme zaidi kuhusu pembeni, kwa kuwa hapo ndipo watu hupoteza hazina wakiwa wameishika mkononi. Tangu Pasaka ya 1908, padri akifungisha ndoa anatakiwa kupeleka habari parokia alikobatizwa kila mmoja, iandikwe kando ya mstari wake wa ubatizo. Ndiyo maana hata leo ukitaka kuoa, paroko anadai cheti kipya ingawa una cha zamani nyumbani: anataka kuona kama pembeni pameandikwa kitu. Kwako faida yake ni hii. Katika vitabu vya Mumias utakuta akina Aloisi wengi, pengine wawili wa mwaka mmoja. Aliye na maandishi kando kwamba alimwoa Veronika, tarehe fulani, mahali fulani, huyo ndiye wenu. Asiye nayo usimkatae moja kwa moja, kwa sababu si kila padri alipeleka barua, na si kila barua ilifika. Lakini usimkubali mpaka upate ushahidi mwingine.

Mumias na Murang'a zina historia mbili tofauti, na ni vizuri uzijue kabla ya kuandika barua. Mumias ilifikiwa na Wamisionari wa Mill Hill mwaka 1904, wakitokea Uganda. Eneo lote lilihesabiwa chini ya Vikarieti ya Upper Nile, makao yake Nsambya, hadi Prefektura ya Kavirondo ilipoundwa 1925 (vikarieti na prefektura ni maeneo ya misioni ambayo bado hayajawa jimbo). Baadaye likawa chini ya Kisumu, na tangu 1978 liko Jimbo la Kakamega. Murang'a ilifikiwa na Waconsolata, yaani Wamisionari wa Consolata, walioanzia Tuthu mwaka 1902. Ilikuwa chini ya Nyeri mpaka ilipopata jimbo lake 1983. Mipaka ilihama, ila vitabu kwa kawaida vilibaki misioni mama. Parokia iliyo karibu na boma la babu leo huenda wakati ule ilikuwa kigango tu, yaani kanisa dogo chini ya parokia, kwa hiyo uliza kwanza ilizaliwa kutoka parokia gani.

Maandishi yenyewe ni ya Kilatini, lakini si ya kutisha. Majina hubadilika mwisho: ukisoma "filius Petri et Mariae" ni mwana wa Petro na Maria, wala hakuna mtu aliyeitwa Petri. Tarehe ndizo zinazonasa wengi. "7bris" ni Septemba, si Julai, na "8bris" ni Oktoba. "Circiter" kando ya umri inamaanisha padri alikadiria. Hilo utalikuta sana kwa waliobatizwa wakiwa vijana au watu wazima, baada ya kusoma dini kwa muda mrefu. Tarehe ya ubatizo iamini, mwaka wa kuzaliwa uchukue kama makisio. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo haukuenea nchi nzima hadi 1971, kwa hiyo hakuna cheti cha serikali cha kukuokoa hapo. Kwa upande wa nyanya, jina la rika la baba yake, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, linaweza kukusogeza karibu na mwaka kuliko kitabu.

Tahajia nayo ina lafudhi. Waconsolata wa mwanzo, Waitaliano, waliandika "Ghekoio" wakimaanisha Gikuyu. Jina la ukoo lisome kwa sauti, usilisome kwa macho.

Unaweza kukuta wazazi wa babu wameandikwa "pagani". Neno hilo huwaudhi watu, na wana haki. Kitabuni lilimaanisha hawakuwa wamebatizwa, basi, na majina yao ya asili huwa yamewekwa hapo hapo. Hayo ndiyo unayoyatafuta. Usiishie hapo pia: wazee wengi walibatizwa wakiwa mahututi, mara nyingi na katekista, wakapewa jina kama Yosefu au Maria. Mstari wao una maneno "in periculo mortis", na mara nyingine unataja baba wa huyo mzee. Ukimpata baba wa Aloisi kwa njia hiyo, umeruka kizazi kizima.

Kitabu kikiwa kimeliwa na mchwa au kimepotea, kuna mlango wa nyuma. Kuanzia 1918 hadi 1983 sheria ya Kanisa iliwataka maparoko wapeleke nakala ya vitabu jimboni kila mwisho wa mwaka. Wapo waliotii. Andikia ofisi ya jimbo, taja mwaka. Nyumba za wamisionari huko Ulaya zina barua, shajara na picha, lakini kwa swali lako hizo ni za baadaye.

Kuhusu ofisi: nyingi hufungwa Jumatatu. Beba kitambulisho, kadi ya baba, na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wako. Usipige picha bila ruhusa. Kitabu kimoja kina siri za watu wengi, pamoja na watoto waliozaliwa nje ya ndoa na ndoa zilizobatilishwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imewafanya makarani wawe waangalifu zaidi. Wana sababu. Ukiwapa namba na mwaka, wanaweza kukutafutia wao wenyewe bila wewe kufungua kurasa za wengine.

Barua ya Mumias usiitume kabla hujapata mstari wa ndoa. Ukiupata, iwe fupi: jina la ubatizo, jina la nyumbani na namna zote lingeweza kuandikwa, namba, mwaka, kigango kama unakijua, mke na mahali pa ndoa. Taja uhusiano wako naye, uliza ada ya ofisi ni kiasi gani, na mstari wa mwisho uwaombe wakunakilie maandishi yote ya pembeni, hata yasiyosomeka vizuri.