Usisubiri daktari akutajie PrEP

Dada zangu tunaoishi Marekani, nawaandikia jambo ambalo natamani ningeelezwa mapema. Kwa miaka sita nilihudhuria kliniki ileile jijini Atlanta bila kukosa kipimo changu cha kila mwaka, wala hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ipo PrEP, dawa ambayo mtu asiye na VVU huitumia ili asiambukizwe. Kidonge cha kwanza kiliidhinishwa nchini humu mwaka 2012. Mimi nilikisikia saluni, kwa mwanamke aliyekuwa akisukwa kando yangu.

Nilipomwuliza daktari, aliniuliza nina wapenzi wangapi. Nikamjibu mmoja, naye akasema basi sina haja. Niliondoka nikiwa na aibu, kana kwamba nimekiri kosa, na ilinichukua muda kutambua kwamba swali lile lilipima mwenendo wangu, ilhali hatari ilikuwa katika mambo nisiyoyajua kuhusu mpenzi wangu. Wanawake Weusi ni takriban asilimia 13 ya wanawake wa Marekani, lakini karibu nusu ya wanawake wanaogundulika upya kuwa na VVU ni sisi. Hatuna wapenzi wengi kuliko wengine. Virusi vimeenea zaidi katika jamii tunamopata wenza wetu, na matibabu hayajawafikia wote.

Kwa hiyo iombeni wenyewe, wala msijieleze sana. Mwongozo wa mwaka 2021 wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unawataka watoa huduma wamweleze habari za PrEP kila anayeshiriki ngono, na wasimnyime anayeiomba hata asipotaja sababu. Mimi nilihamia kliniki nyingine, nikapimwa VVU na figo, nikaandikiwa dawa. Bima nyingi za afya hulazimika kuilipia bila kukuchangisha.

Ulizeni pia ni kidonge kipi mnachopewa, kwa maana kidonge kiitwacho Descovy hakikuidhinishwa kwa kinga ya ngono ya ukeni, wakati kile cha Truvada na vingine vyenye dawa zilezile vinafaa. Kidonge humezwa kila siku, na huhesabiwa siku 21 hivi kabla ya kinga ya ukeni kukamilika, kisha unarudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Kichefuchefu kilinisumbua wiki mbili za mwanzo, kikaisha. Kondomu msiiache, kwa sababu dawa hii haizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Lililoniumiza zaidi lilitokea nyumbani. Dada yangu mkubwa aliiona chupa kabatini, akaisoma jina lake mtandaoni, akakaa siku mbili akilia kimya kimya akidhani naumwa, kwa kuwa dawa hiyohiyo huwatibu wanaoishi na VVU. Tulizungumza jikoni hadi usiku wa manane, na hata leo najilaumu kwamba sikumwambia mapema.

Kwa anayeishi na ndugu na hayuko tayari kwa mazungumzo kama hayo, zipo sindano: ya cabotegravir, iliyoidhinishwa mwaka 2021, huchomwa kila miezi miwili, na ya lenacapavir, iliyoidhinishwa mwaka 2025, mara mbili tu kwa mwaka. Hii ya pili ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya zaidi ya 2,100 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa katika utafiti huo. Nayo haiachi chupa kabatini.